Mfuko wa Shati la Mokaya

Joyline hushona nguo kwa picha. Mletee kipande cha gazeti, atakibandika ukutani mbele ya cherehani na kukata kitambaa bila swali. Soko zima la Migori linajua. Ndiyo maana Jumatatu hiyo Bitutu alimletea picha ya mwanawe Mokaya, iliyokatwa kwenye gazeti la miaka tisa iliyopita.

"Rufaa yake inasikizwa Homa Bay Alhamisi," Bitutu alisema. "Nishonee shati kama hii. Ile ya kwanza ilipotelea migodini Macalder. Nataka aonekane ana mama."

Shati lile la drafti, la miraba miraba, Joyline alikuwa amelishona mwenyewe. Na Mokaya aliposhtakiwa kumuua Ryoba, mnunuzi wa dhahabu, Joyline ndiye aliyepiga simu redioni kusema mtu huyo asiachiliwe hata siku moja. Hakuwa peke yake. Wiki tatu nzima, kila asubuhi, mtangazaji Willis aliwauliza wasikilizaji kama Mokaya ni muuaji ama ni muuaji kabisa, kisha akaweka wimbo. Mokaya alifungwa maisha.

Joyline alichukua makasi, akaitazama picha tena, mkono ukasimama.

"Mama Mokaya, huu mfuko wenye kalamu niliuweka upande wa kulia?"

"Unaniuliza mimi? Fundi ni nani?"

"Mfuko wa shati hukaa kushoto. Na angalia vifungo, viko upande wa kike. Hapa Mokaya amevaa blauzi."

Ken, mshona viatu wa mlango wa pili, akaja kuangalia na kucheka. "Wale wa gazeti waligeuza picha, dada. Walitaka uso uelekee maandishi."

Joyline hakucheka. Maneno ya shahidi Onchiri yalikuwa yamemrudia, maana baada ya kuyasema kortini alikwenda kuyarudia kwa Willis, na yakachezwa hadi watu wakayakariri: nilimwona akikimbia, shati ya drafti, mfuko kulia, kalamu nyekundu ndani.

"Onchiri hakumwona Mokaya," alisema polepole. "Aliona gazeti."

"Basi nani alimuua Ryoba?" Ken akauliza.

"Mfuko hauniambii hiyo. Unaniambia tu huyu shahidi alitoa wapi habari."

"Na si ni wewe ulipiga simu? 'Joyline wa sokoni.' Mimi sisahau."

Joyline alitamani kuingia chini ya cherehani. Bitutu akapangusa miwani yake.

"Najua. Nilikuwa nasikiliza."

"Na bado umeniletea kazi, mama?"

"Mashati yako hukaa vizuri."

Asubuhi iliyofuata Joyline alipiga simu tena. Willis alifurahi, mada ilikuwa bei ya omena.

"Wanaume wote mnaonisikia," Joyline alisema, "wekeni mkono kwa mfuko wa shati."

Sokoni mikono ilipanda, yote kifua cha kushoto, mpaka ya muuza mkaa.

"Wewe Willis, wako uko wapi?"

"Kushoto. Kwani?"

Akamwambia kwani: picha iliyogeuzwa na maneno ya Onchiri. Willis akaweka wimbo haraka, lakini alichelewa. Kufikia saa sita hata waendesha boda wa mbali kule Kisegi walikuwa wakishikana vifua na kubishana. Jioni wakili wa Mokaya, Omanga, alimpigia Joyline kumuuliza kama angeapa kortini.

"Nitaapa. Lakini nitaanza na ule ujinga wangu."

Alhamisi Mokaya aliingia kortini amevaa shati jipya. Omanga aliinua gazeti, Joyline akaeleza mambo ya mifuko na vifungo, na ile simu yake ya zamani pia, mpaka karani akajichungulia kifua. Majaji walikubali ushahidi huo mpya, wakaagiza Onchiri aitwe arudi kuulizwa. Mokaya hakuachiliwa siku hiyo. Alipopelekwa nje alimtafuta mama yake kwa macho, akapigapiga mfuko wake, na Bitutu akacheka kwa sauti mbele ya askari.

Kwenye ngazi Willis alikuwa akiwasubiri na maikrofoni, anataka neno moja tu kwa wasikilizaji. Joyline alimkagua juu mpaka chini. Alikuwa amekuja na tisheti, haina mfuko hata mmoja.