Mpira ni wa Kazini

...eti taulo liko wapi, taulo liko pale pale lilipo siku zote, nyuma ya mlango, Fundi wangu huyu anasikiliza tu friji ya mtu inavyonguruma akajua inaumwa nini, lakini taulo mlangoni halioni, "Nyuma ya mlango, baba!" na maji yanaendelea kumwagika huko bafuni, anaimba, akishajipaka sabuni lazima aimbe, na mimi nimekaa hapa kitandani nimeshika pakiti moja ya kondomu kama mwizi wa kuku, saa tisa mchana, jua lote hili dirishani, pakiti moja inanitoa jasho, mimi ambaye maboksi matatu yapo chini ya kitanda hiki hiki, ya kugawa, maana mimi ndiye mwelimishaji wa wenzangu, loo, mwelimishaji! kila Jumatano nasimama mbele ya wanawake arobaini wa kazi yetu na ule uume wa mbao, bana ncha hewa itoke, teremsha mpaka chini, mteja akileta maneno mwambie hakuna soksi hakuna safari, wanacheka mpaka wanapigana makofi, na si uongo, miaka sita sijamwachia mteja hata mmoja, hata yule bwana wa tai aliyenipigia magoti, nilimwambia kaka, inuka, ama uvae mpira ama uvae suruali yako uende... kazini. Kazini siteleziki. Maana ndivyo tulivyozoea sisi, wala hakuna aliyetufundisha, mpira ni wa kazini, wa nje anavaa, wa moyoni havai, ndiyo pete yetu hiyo, sisi ambao nani atatuvisha pete, shoga yako akitaka kujua umependa haulizi jina la mtu, anauliza, bado unamvisha? ukijibu simvishi, vigelegele. Siku ile Fundi aliokota pakiti mezani akaniuliza kwa upole, "Kwani mimi mteja?" neno hilo tu, nikaitupa, nikalia kwa furaha, mjinga mimi.

"Unasema?" anasema kitu, maji yanameza maneno, "...vyumba viwili... na jiko lake... mwezi ujao tu..." Mungu wangu, anataka tuhamie pamoja, jamani usiniambie leo, leo sina masikio, leo asubuhi nilikuwa zahanati na Mrefu, mwenzangu wa Jumatano, yeye hushika ule mti mimi nikisema, alitoka chumba cha Sista, muuguzi anayetupima, akakaa kwenye benchi akaanza kukunja karatasi, akaikunja, akaikunja, "Nimekutwa nao, shoga," nami kichwani naanza kupitia wateja wake, yule anavaa, yule anavaa, wote wanavaa, akaniona ninavyotafuta, akasema, "Si kazini. Nyumbani," halafu akanicheka, eti ufunge mdomo nzi wataingia, na Sista akatoka akamshika bega, dawa zipo, mama, utameza kila siku na utazeeka, utawazika wengi, na ni kweli, maneno hayo mimi mwenyewe nimewaambia watu mara mia, leo kayasema Sista badala yangu, kisha akanigeukia, "Na wewe, ingia tukupime," nikasema nina haraka. Haraka ya nini? Mimi ninayewakokota wenzangu kwa mkono!

Na njia nzima narudi namshuku yeye, Fundi, anaingia nyumba za watu kila siku, nani anajua, pengine ana mtu, pengine hana, nimemtafutia makosa mpaka nimechoka, ili nisifike pale... pale mwezi wa tatu. Haya, nimefika. Ilipasuka. Kondomu ya mteja, mwezi wa tatu, ilipasuka na niliona, na najua, nafundisha, ndani ya siku tatu kuna dawa ya kuzuia, kimbia, usingoje, na sikukimbia, kwa sababu ningekunywa dawa ningelazimika kumvisha huyu, na ningemvisha angeuliza, basi nikaoga, nikampikia, nikalala naye. Wanaume nisiowajua hata majina nimewalinda, huyu anayenitafutia jiko nikamtoa kafara, ili asinune! Ugonjwa siuogopi hivyo, dawa nazijua, naogopa kuachwa, sema, naogopa kuachwa mpaka niko radhi kumuua mtu kwa mapenzi.

Hapana. Nitamwambia, akitoka tu, kabla hajavaa shati, halafu kesho wote wawili kwa Sista, na akitaka kuondoka aondoke, nitalia, nimeshawahi kulia, "Mbona kimya humo?" ananiita, "Nakusubiri," nasema, maneno ya kwanza nimeshayapata, baba, kaa chini, mwezi wa tatu nilikuficha kitu... na maji bado yanamwagika, karudi kuimba, hajui.