Leso Yenye Njaa

Mgeni alisema amepita kusalimia tu, lakini viatu vyake vilikuwa na udongo wa mashamba ya watu. Bibi Risolat aliuona kabla hajamkaribisha kwenye kitanda cha kukalia wageni uani, chini ya mzabibu.

"Kampuni yetu inawauzia mbegu wenye vibustani vya nyumbani," alisema kijana. "Nimesikia hapa Rishtoni kuna nyanya ya rangi ya waridi isiyo na mfano. Nataka kuonja tu, mama. Naapa."

"Usiape kwa jambo dogo, mwanangu."

Nyanya ile ilikuwa ya marehemu mumewe, Mamasoli. Miaka thelathini alichagua tunda bora la kiangazi, akakausha mbegu zake karatasini. Alipokaribia kufa alimkabidhi Risolat bahasha na kumwusia: mwenye shida mpe, mwenye biashara mnyime.

Lakini mgeni hanyimwi chakula. Risolat akakata nyanya vipande vyembamba, akachanganya na kitunguu, akaleta na mkate na chai. Kisha akakaa, tasbihi mkononi, macho mdomoni mwa mgeni.

Kijana alitafuna polepole kama kibogoyo. Mbegu alizitema ukingoni mwa sahani, moja moja. Halafu akatoa leso.

"Tumbo langu halipatani na mbegu."

"Pole. Na leso yako nayo ina njaa?"

Akamnyang'anya sahani kwa upole, akaimwaga kwenye tanuri la mkate, makaa bado mekundu. Mgeni akacheka kwa midomo tu, akaaga.

Risolat hajamaliza kumshukuru Mungu, jirani yake Zulayho akapenya kwenye pengo la ukuta, akipepea pakiti zinazong'aa.

"Dada! Nimekutana na kijana langoni, ana adabu huyo! Nimempa nyanya, kanipa mbegu za kigeni. Bure!"

"Nyanya zipi?"

"Si zile za miche uliyonipa!"

Tasbihi ikasimama.

"Alikula hata moja?"

"Wapi! Kazifunga kwenye gazeti kama mayai."

Risolat akageuza pakiti, akasoma silabi kwa silabi: usihifadhi mbegu za matunda haya, nunua mpya kila mwaka.

"Nimekosea, dada?"

"Mimi ndiye niliyelinda mlango, nikasahau ukuta."

Zulayho akainamisha kichwa. "Basi mwakani hunipi miche."

Risolat alilitazama lile pengo. Mamasoli mwenyewe ndiye aliyelibomoa, ili majirani wapite.

"Nitakupa," akasema. "Ila nyanya zake utazila mwenyewe. Na mbegu umeze."