Enala Hafiki Mkekani

Sofa za Esnart zilitolewa nje asubuhi, pamoja na runinga na meza yake, zikarundikwa chini ya turubai karibu na choo. Ndivyo msiba unavyotaka: wanaume nje kwenye moto, wanawake ndani, sakafuni, mgongo ukutani na miguu imenyooshwa. Mama yake Esnart alikuwa amefariki Jumanne, hospitalini, wodi ya bei ya chini, na sasa alikuwa mochwari akisubiri sanduku. Mikeka ikatandikwa. Enala, mdogo wake Esnart, aliingia na kiroba cha unga kichwani, akavua viatu mlangoni, akataka kukaa na wenzake. Hakufika chini. Alibaki hewani, kimo cha stuli, kama kawaida yake tangu apate kazi mayadi, mtaa wa matajiri.

Sisi wa Kalikiliki, komboni yetu ya maskini, hatukushangaa. Mtu akishavuka lile daraja la kijito akaenda kuishi kwa matajiri, akirudi kututembelea nyayo zake hazigusi ardhi. Wengine hupanda kiganja kimoja, wengine hupita juu ya ua. Tunawaita apamwamba, watu wa juu, na tunawaomba nauli. Lakini Enala hakuwa tajiri, jamani. Alikuwa anapokea simu kwenye ofisi ya mawakili, na amepanga chumba kimoja nyuma ya nyumba ya watu, kile walichojengewa watumishi. Huko mayadi yeye huzama. Zulia, lami, majani ya bustani, popote anapokanyaga anadidimia hadi vifundoni, na bibi mwenye nyumba alishamgombeza kwa mashimo anayomwachia bustanini. Huko wanamwita yule wa komboni. Alikuwa amechoka, na nani asingechoka.

Akina mama wa kanisa walijaribu kumsaidia. Walimwekea kile kiroba mapajani ili kimlemee. Kiroba nacho kikapanda, ikabidi wakidake haraka, maana unga wake ndio ulikuwa wa kusonga nshima, ugali wetu, mchana. Mmoja alimfunga kitenge kiunoni, akaikalia ncha yake, kitenge kikachanika. Basi wakamwacha palepale, karibu na kalenda ya ukutani, akawa analia peke yake na machozi yanawadondokea waliokaa chini. Mzee wa kanisa aliyepita kutoa pole alimwamkia kwa heshima zote, kisha akamwuliza kama ofisi yao haiwezi kutoa basi la kwenda makaburini.

"Hata msibani anajiweka juu," alisema jirani mmoja, wala hakunong'ona.

Uchungu wa Enala ulikuwa kwamba mama yake aliweza kumshusha. Kila alipokuja Jumapili, mama alipigapiga mkeka kwa kiganja na kumwambia keti hapa mwanangu, ule, na Enala alishuka akakaa kama mtu yeyote, akala kwa mkono majani ya maboga na dagaa. Hapakuwa na dawa wala maombi. Ni mkubwa wa nyumba tu kukwambia keti. Sasa mkubwa wa nyumba alikuwa Esnart.

Alimfuata jikoni, nyuma, akijishika kwenye kingo za mabati asipeperuke. Esnart alikuwa anasonga nshima kwenye sufuria kubwa. Yeye ndiye aliyemuuguza mama yao, akamgeuza kitandani, akafua mashuka, mpaka mikono ikababuka kwa sabuni.

"Dada, nipigie mkeka kama mama," Enala alimwambia. "Mara moja tu. Nimlilie nikiwa chini, na wenzangu."

Esnart hakuacha kusonga. "Ukishuka, sanduku atalipia nani?"

"Nitalipa hata nikiwa chini."

"Ukiwa chini utakuwa kama mimi. Mimi nina nini?" Alijifuta jasho kwa mkono wa blauzi. "Nakupenda, mdogo wangu. Kaa hukohuko."

Hakusema kwa ubaya. Wanaume kule kwenye moto walikuwa wameshakubaliana kwamba sanduku, basi na chakula ni vya yule aliye juu, na kati yao hakuna aliyemdai mchango mwenzake aliyekaa chini. Enala alikopa ofisini kwake, akalipa. Alilala siku zote za msiba amegusa dari, na kila alipoamka aliulizwa kuhusu sukari.

Siku ya mazishi alielea juu ya vichwa vyetu, na upepo ukawa unamsukumia upande wa makaburi ya vigae, ya matajiri. Esnart alimshika kifundo cha mguu asiende. Ilipofika zamu ya watoto wa marehemu kutupa udongo, Enala hakuufikia. Esnart akainama, akachota, akasimama kwa ncha za vidole na kumpa. Udongo wa Enala ulichukua muda kidogo kulifikia sanduku. Wakabaki wameshikana mikono, mmoja juu, mmoja chini, wanalia wote wawili, na sisi tukalia nao.

"Usishuke kwanza," Esnart alimwambia akipangusa macho. "Bado kuna jiwe la kaburi."

Jumatatu asubuhi Enala aliaga. Katikati ya daraja, pale ambapo si kwetu wala si kwao, miguu yake ilifika chini yenyewe. Alitandika kile kitenge kilichochanika pembeni mwa lami, akakaa, akanyoosha miguu, akamlilia mama yake kwa sauti, kama inavyotakiwa. Sisi tunaokwenda kufanya kazi za ndani tulimzunguka tukapita, ukichelewa unakatwa mshahara. Gari moja lilipunguza mwendo, dereva akamrushia sarafu, likaendelea.

Alipomaliza alikikung'uta kitenge, akakikunja, akakitia kwenye mkoba pamoja na ile sarafu. Ofisi hufunguliwa saa mbili. Hatua zake za kwanza ng'ambo ya daraja zilikuwa sawa tu. Kisha lami ikaanza kulainika.