Leso ya Mlangoni

Tangu asubuhi Mbodze alikuwa hajatia kitu kinywani. Alizunguka ndani ya lile ghala kuukuu la mbata pale Mwabungo, macho juu, akivuta kamba hii na kuipapasa ile. Juu ya kichwa chake zilining'inia leso kuukuu za wanawake wa kijiji, safu kwa safu kutoka mlangoni hadi ukuta wa nyuma, ili mtu apite chini yake amezungukwa na rangi na harufu ya udi.

"Dada, nimekaza kila fundo," alisema Muasya, fundi wa Ukunda aliyemsaidia kuzitundika.

"Kaza tena."

Wala si kamba zilizomtia wasiwasi. Ni babake. Mzee Shutu hakuwahi kukanyaga penye kazi ya bintiye. "Vitambaa," alikuwa akisema, na mazungumzo yameisha. Juzi, sijui aliamkia upande gani, akasema atakuja.

Alasiri wanawake waliingia wakicheka, kila mmoja akitafuta leso yake. Wanaume walibaki nje wakizungumzia mvua. Mbodze aliona, akajifanya haoni.

Mzee Shutu akafika na kanzu yake ya pasi. Mlangoni akainua macho, akasita, akarudi nyuma.

"Hiyo si leso ya marehemu bibi yako?"

"Ndiyo, baba." Mbodze alikuwa ameiweka mbele kwa kuwa ndiyo aliyoipenda kuliko zote.

Mbodze akajisuta moyoni. Haya, bibie, upepo umepima, uzito umepima, adabu umeiacha nyumbani. Mwanamume wa kwao hapiti chini ya nguo ya mwanamke, sembuse ya mamamkwe, ambaye Mzee Shutu hakuwahi kumtazama usoni maisha yake yote.

"Nimekuja, mwanangu, na nimeona," alisema mzee. "Wacha nirudi."

"Ningoje kidogo, baba."

Aliwaomba wanawake watoke, akamwambia Muasya alegeze kamba kuu.

"Dada, kazi yote itashuka."

"Legeza."

Alizitazama safu zikiteremka hadi usawa wa kifua, zikawa kama nguo zilizoanikwa uani. Kazi ya miezi mingi ikaenda na maji. Alitamani kulia.

Mzee Shutu alivua viatu. Akaingia kwenye ujia katikati ya safu, uso ameuinamisha, bega ameligeuza upande. Alipoikaribia leso ya kwanza akasimama mbali kidogo, kama alivyokuwa akisimama nje ya jiko la mamamkwe huyo alipokuwa hai.

"Shikamoo, mama," alisema kwa sauti ya chini. Akangoja kidogo, kisha akasonga mbele kutazama kazi ya mtoto wake.