Kibuyu Kilichopakwa Samli

Moto ulishika kwenye herufi ya tatu ya jina lililokuwa likichorwa kwenye kibuyu. Jerusa alizima mashine yake ya kuchora kwa leza, akafunua kifuniko na kuufunika kwa kitambaa chenye maji. Kibuyu kikalia tak, na ufa ukatambaa toka kwenye jina hadi karibu na shingo.

Laiti kingekuwa kibuyu cha kununua sokoni! Hii ilikuwa sotet, kibuyu cha maziwa, aliyoiacha marehemu mama wa mteja wake Chepkemboi, ya kulalishia mursik, maziwa ya mgando, na kesho Tecla, bintiye Chepkemboi, angekabidhiwa mbele ya wageni wa harusi. Chepkemboi mwenyewe alikuwa kwenye benchi pale pale, ameona yote.

Wala Jerusa hakuwa mgeni wa kazi. Tangu ahamie Kapkatet kutoka upande wa ziwa, alikuwa amechora vitako vya mbao vya vikombe vya michezo, vibao vya milango, hata misalaba ya makaburi. Mwale wa leza yake hauonekani. Kile kidoa chekundu ni cha kuonyesha njia tu. Chuma kinaurudisha. Plastiki inayeyuka. Ubao mkavu unageuka moshi, jina linabaki. Lakini vibuyu alivyozoea ni vipya, vikavu. Hiki alipokiona kinang'aa, alidhani ni uzee tu umekipendezesha.

"Mama, ulikipaka nini?"

"Samli. Nilisugua jana jioni. Sasa mtu atapeana sotet ikiwa imepauka?"

Kumbe. Mafuta yalikuwa yamezama kwenye ganda, mwale ukayakuta, yakawaka kama utambi. Jerusa alitaka kusema, mbona hukuniambia? Yeye naye, mbona hakuuliza?

"Nisamehe, mama," alisema, machozi yakimlenga. "Nimeharibu kitu kisichonunulika."

Chepkemboi alikipakata kibuyu, akakigeuza, akausogeza kando mkanda wake wa ngozi. Chini yake palikuwa na mshono wa zamani, mweusi, mrefu kama kidole.

"Hapa nilikiangusha nikiwa kasichana. Nilikuwa naiba mursik."

"Mama yako akakuchapa?"

"Alinipea sindano na uzi."

Wakakiosha kwa sabuni na maji moto, wakakianika mlangoni mpaka kikakauka. "Hiyo mashine yako," Chepkemboi akauliza, "inaweza kutoboa tundu ndogo, ya kupitisha uzi?" Jerusa alipunguza nguvu ya mwale, akajaribu kwanza kwenye kigae cha kibuyu kingine. Hakikuwaka.

Akakirudisha ndani ya mashine kile chenye ufa, akashusha kifuniko. Kidoa chekundu kikatua kando ya ufa. Jerusa akaweka kidole kwenye kitufe. Karibu naye Chepkemboi alilamba ncha ya uzi, akaielekeza kwenye sindano, akakosa, akailamba tena.