Mtuhumiwa wa Giaboksi

Bisimwa, fundi wa magari, alikuwa tayari amevaa suti ya harusi ya binti yake alipoitwa akasome namba ya hitilafu. Dakika tano tu, aliambiwa kwenye simu, naye akaamini, maana mwenye furaha huamini chochote. Ilikuwa Jumamosi, saa mbili asubuhi. Blandine angeolewa saa nne katika kanisa dogo la Wakongomani, chini ya kilima cha Lubaga. Mama yake alikwisha kufa, kwa hiyo wa kumshika mkono hadi madhabahuni alikuwa Bisimwa peke yake.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa lori la kuzoa taka, la giaboksi otomatiki, lililogoma kuingia gia yoyote ndani ya yadi karibu na soko la Owino. Msimamizi wa yadi, Okwera, alikuwa sajini mstaafu kutoka kaskazini. Jeshi lilimwacha, yeye hakuliacha. Bisimwa akachomeka mashine yake ya kupimia, na kioo kikatoa namba moja: umeme unapotea njiani, giaboksi haijui mkono wa gia uko wapi. Kwa fundi anayejua, hiyo ni kazi ya robo saa.

Akataka kuchunguza nyaya kisha aifute namba. Okwera akamzuia. Namba ni ushahidi, alisema, na ushahidi haufutwi kabla mhusika hajajulikana. Akafunga lango, akatia ufunguo mfukoni, akafungua daftari.

"Gari hapana haribika yenyewe, fundi. Iko mtu. Leta jina."

Bisimwa akamweleza habari za harusi. Okwera akaziandika nazo, kama sababu ya kutaka kutoroka.

Fundi alipandwa na hasira hadi masikio yakamuwasha. Akatandika gunia, akaingia chini ya lori na suti yake, akachomoa plagi ya nyaya ubavuni mwa giaboksi. Yakamwagika maji, na nyuma ya maji povu la sabuni. Hapo akakumbuka aliyoyaona kila alipoitwa yadini mapema. Kila alfajiri Okwera alipanga malori yote ya yadi mstari mmoja kama gwaride, akaamuru yapigwe maji ya mashine juu na chini, hadi nyaya zing'ae. Malori ya taka, jamani! Kikulacho ki nguoni mwako.

Aliikausha plagi kwa leso yake ya harusi huku akiwaza. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, sawa, lakini ufunguo haukuwa kwa Mungu. Ilikuwa saa tatu na nusu. Angeweza kutaja panya, na panya angetafutwa hadi jioni.

"Ni weye, afande," alisema alipotoka. "Maji yako ya asubuhi iliingia mu plagi."

Okwera akaandika jina lake mwenyewe, na cheo, akaanza kujihoji. Swali la kwanza alilijibu kwa kiburi, akajionya. La pili alidanganya, akajikemea, akarekebisha. La tatu alikiri. Akaruhusu namba ifutwe, akavua kofia, akamkabidhi Bisimwa ufunguo, kwa kuwa mtuhumiwa hashiki ufunguo. Akaeleza utaratibu: mtuhumiwa hufikishwa kwa mkubwa wake, na anayemsindikiza haruhusiwi kuuachia mkono wake. Kielelezo, yaani lori, huenda nao.

Mkubwa wake, mama Acan, alikuwa na ofisi mtaa wa Mulago, na angefika huko saa nane mchana.

"Basi tutapita Lubaga," Bisimwa akasema, akawasha lori. Gia zikaingia laini kama siagi.

Blandine aliona lori la taka likisimama mlangoni pa kanisa, na baba yake akishuka na matope magotini, amemkamata mzee wa watu mkono. Akashika mkono mwingine wa baba yake, na watatu hao wakaingia. Waimbaji walikosa noti, wakaipata tena.

Mchungaji akauliza nani anamtoa binti huyu. Bisimwa alifungua kinywa, akamkumbuka marehemu mkewe, sauti ikakataa kabisa. Okwera akakaza mgongo.

"Ni baba yake. Mtu ya kweli. Mimi niko shahidi."

Bisimwa akamwachia ili afute machozi kwa leso yenye sabuni. Mlango ulikuwa wazi nyuma yao. Okwera akautazama, akautazama na mkono wake ulioachwa huru, kisha akaurudisha mwenyewe kwapani mwa fundi.