Kilo Zilizobaki Barabarani

Mabondia wengine wote waliokuwa katika ukumbi ule wa Ruiru asubuhi hiyo walikuwa wanajikausha. Mmoja alijifunga nailoni chini ya jaketi akaruka kamba mpaka akalowa, mwingine alikaa pembeni akitema mate kwenye kopo, ili mradi mizani isimkatae kwa uzito. Mourine peke yake ndiye aliyekuwa kwenye benchi na mtungi wa maji, anakunywa.

Alikunywa kwa sababu alikuwa mwepesi mno. Timu moja ya askari ilikuwa imekuja kutafuta bondia wa kike wa kuandikwa kazi, kazi ya kweli yenye mshahara na nyumba, na nafasi ilikuwa moja tu, ya uzito unaozidi kilo sitini. Chini ya hapo walikuwa na watu wao tayari. Mwaka ujao Mourine angekuwa amepita umri wa kuandikwa. Sasa mizani ilikuwa imegoma kwenye hamsini na nane na nusu, na karani alikuwa amemwambia, bila ubaya wowote, kwamba anaweza kupanda tena kabla haijafungwa. Basi ikawa ni kunywa, au kurudi Makongeni kufulia watu nguo mpaka uzeeni.

Aliyemshikia mtungi ni mumewe, Jeconia, na hapo ndipo palipouma. Jeconia alikuwa mkimbiaji wa barabarani, wa mbio ndefu, mpaka goti lilipomwangusha. Mbio alizijua, hilo hakuna wa kumnyima. Shida yake ni kwamba alidhani kila kitu duniani ni mbio. Mkewe alipoingia kwenye ndondi, yeye akaona pumzi tu, na pumzi dawa yake ni barabara. Alfajiri walitoka Makongeni, wakapita mtaa wa Landless, wakashika njia ya kuelekea Ruiru, mke mbele kwa miguu, mume nyuma kwa baiskeli. Chapati ziliondoka mezani. Ugali ukawa wa kuonja. Kila kilo ni mzigo utakaoubeba mwenyewe, alimwambia, na kila alipompandisha kwenye mizani ya posho mill, kile kinu cha kusaga unga pale Landless, akakuta mshale umeshuka, alitabasamu siku nzima.

Kocha wa klabu, mzee mmoja mnene aliyeitwa Farouk, alikuwa amemwonya Mourine mapema. Ndondi ni dakika chache za moto, alimwambia. Kimbia mbio fupi za kukata pumzi, pumzika, rudia, kisha uje kwa gunia, kisha uende nyumbani ule. Mbio ndefu zitakuachia mapafu makubwa na mikono ya kupungia watu kwaheri. Mourine alisema sawa, ameacha. Alipofika nyumbani, Jeconia alimuuliza kocha anaonaje mazoezi, naye akajibu kwamba kocha amesifu sana.

Msimhukumu Mourine upesi. Tangu goti liharibike, Jeconia alikuwa amelala akiangalia ukuta, haogi mpaka aambiwe, haongei na mtu. Siku aliyopanda baiskeli kumfuata mkewe ndiyo siku aliyoamka. Mwanamke gani angemwambia mtu kama huyo kwamba dawa yake ndiyo inayomuua mwenzake? Mourine alijua anakwisha. Suruali zilimvuka kiunoni, gunia halikutikisika tena alipolipiga. Alijikaza kisabuni, akatumaini kwamba mizani itamwonea huruma.

Farouk alipofika ukumbini akaona mtungi, hakuhitaji kuelezwa. Alimtazama Mourine, Mourine akatazama viatu vyake. Jeconia ndiye aliyejitia kujibu.

"Kocha, huyu hajawahi kuwa fiti hivi."

"Fiti ya kwenda wapi?" Farouk akauliza.

Hakungoja jibu. Alimwambia Mourine amalize maji yaliyobaki, apande mizani, na asiende msalani kabla ya hapo hata akilia. Mourine akanywa huku machozi yakimtoka, tumbo limejaa pomoni, roho inataka kutoka. Alipopanda, mizani ikasoma sitini na kidogo. Karani akatia alama. Jeconia akashangilia peke yake.

Mpinzani wake katika pambano la kugombea nafasi hiyo alikuwa Wangechi, msichana wa Kimbo mwenye shingo fupi na mabega ya mbeba mawe, ambaye alikuwa amejikausha ili asizidi kikomo cha juu cha uzito ule. Alipopimwa tu akaketi akala wali na nyama, taratibu, kama mtu aliye kwao. Mourine alikuwa anapishana na mlango wa msalani. Zamu yao ilipofika mchana, maji yote yalikuwa yamekwenda, akabaki na mwili wake mwenyewe. Mizani ilikuwa imekubali maji. Wangechi hakuyakubali.

Raundi ya kwanza Mourine alikimbia vizuri, kwa sababu hicho ndicho alichofundishwa. Ya pili Wangechi akamkatia njia, akamweka kwenye kamba, na kila ngumi iliyomfikia mbavuni ilimsogeza mwili mzima. Aliogopa. Hakuogopa maumivu, aliogopa kuona kwamba yeye mwenyewe haanguki na bado hana la kufanya. Raundi ya tatu Wangechi alichoka kabisa, kinywa wazi, mikono imeshuka. Pumzi ya Mourine ilikuwa bado mbichi. Akaingia, akapiga, akapiga tena, usoni, waziwazi, ngumi za mtu anayekung'uta godoro. Wangechi alipepesa macho tu. Kengele ikalia, na refa akainua mkono wa Wangechi.

Jeconia alimpokea kwenye kona, macho yanamwaka.

"Alikuwa amekwisha, Mama Apondi. Raundi moja zaidi ungemmaliza."

Alikuwa anasema kweli, na ukweli huo ndio uliomvunja Mourine. Akakaa chini, glavu bado mikononi.

"Jeconia," akasema, na kwa kawaida humwita Baba Apondi, kwa jina la mtoto wao. "Hakuna raundi nyingine. Hii sio barabara, hii inaishanga raundi ya tatu."

Kisha akamwambia yote. Kwamba kocha hakuwahi kusifu. Kwamba alikatazwa mbio ndefu kitambo, na akadanganya huku na huku, mpaka mwili ukaisha na umri ukaisha. Jeconia alimfungua glavu, akaziweka sakafuni.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unaimba," Mourine akasema. "Kwa baiskeli, nyuma yangu. Kila asubuhi."

Jeconia alisimama, akatoka akichechemea bila kumwangalia mtu. Mourine alidhani ameondoka. Alirudi na chapati zilizofungwa kwa gazeti, nyingi kupita mlo wa mtu mmoja, akaziweka mapajani mwake na kukaa kando. Mourine hakuwa na hamu. Akakata kipande, akala, akakata kingine, akazila zote moja baada ya nyingine huku akilia na mumewe akimtazama. Mlangoni vijana wawili walikuwa wanapakia mizani kwenye pikapu.